Ndovu Aliyepiga Magoti

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii, "Mnyama gani wa kitabuni amekukaa moyoni tangu utotoni, na kwa nini?", nililisoma kwa sauti mbele ya walimu wenzangu wakati wa mapumziko. Mmoja akasema sungura. Mwengine akasema sungura. Wa tatu akasema simba, akafikiri kidogo, akajirudi: sungura. Mimi nikasema ndovu, wakacheka. "Pemba na ndovu wapi na wapi?" Kengele ikalia kabla sijajieleza, basi najieleza kwenu.

Ni kweli, kisiwa chetu hakina ndovu. Mnyama wetu wa kuoneshea wageni ni popo, wale wakubwa wa Kidike wanaoning'inia mitini mchana kutwa. Hata neno tembo kwetu lina mitihani yake. Mzee akikwambia kuwa fulani jana alionekana na tembo, hakusudii mnyama, anakusudia kile kinachogemwa kwenye mnazi, na hilo ni la kusemwa kwa kunong'ona. Ndiyo maana bibi yangu alikuwa akisema ndovu, nami nitasema ndovu.

Wa kwanza nilikutana naye chuoni, chuo cha Kurani, Wete, juu ya mkeka, wakati hata jina langu sijajua kuliandika. Kama watoto wote wa hapa tulianza juzuu ya Amma kutoka mwisho, na Suratul-Fil, yaani sura ya ndovu, ni ya kumi ukihesabu kuanzia Suratun-Nas. Ni aya tano tu. Unaihifadhi ulimini kabla hujaelewa neno hata moja, na ukiisoma mbio mbio inateleza kama wimbo wa kuruka kamba. Siku tuliyoisoma darasa zima bila kukosea, maalim alifunga juzuu akatupa kisa chenyewe: Abraha aliyetawala Yemen, jeshi lake lenye ndovu, nia yake ya kwenda kuivunja Kaaba, na ndege ababili walioleta vijiwe. Ndiyo mwaka aliozaliwa Mtume, mwaka wa ndovu.

Wenzangu walipenda ndege, hasa wavulana, kwa sababu ya mawe. Mimi nilibaki na ndovu. Aya hazimtaji jina wala hazielezi alifanya nini. Hayo yamo katika sira, habari za maisha ya Mtume, na maalim wetu sira alikuwa nayo kichwani. Ndovu mkubwa wa jeshi aliitwa Mahmud. Walipojiandaa kuingia Makka, mtu mmoja, Nufayl, alimshika sikio akamnong'oneza: piga magoti Mahmud, au rudi salama ulikotoka, kwani uko katika mji mtukufu wa Mungu. Mahmud akapiga magoti. Wakampiga kichwani kwa chuma, hakuinuka. Wakamchoma kwa kulabu mpaka damu, hakuinuka. Wakamgeuza aelekee Yemen, akasimama akatoka mbio. Wakamgeuza Sham, upande wa Syria, mbio. Mashariki, mbio. Wakamrudisha uso wake Makka: chini.

Maalim wetu hakutosheka na maneno. Alikuwa mzee, ndevu zote nyeupe, magoti yanalia akikaa na akiinuka. Alijishusha katikati ya mkeka kwa mikono na magoti, akatuita wawili tumvute kanzu. Tukavuta. Kofia ikamdondoka, hakuiokota. Tukavuta zaidi, kwa hofu maana ni maalim, na kwa furaha maana ni maalim. Akatikisa kichwa pole pole, macho kafumba. Sijapata kuona mtu mzima anakataa jambo kwa utulivu namna ile.

Miaka michache baadaye, darasa la tatu skuli, mwalimu alitwambia tuchore mnyama tunayempenda. Nikachora ndovu. Nilianza na ng'ombe wa babu, nikamnenepesha mpaka mstari wa daftari ukamkata mgongo. Masikio nikampa majani ya mjimbi. Pua nikaivuta chini mithili ya kamba ya ndoo. Na pembe, mbili, ndefu, nikazisimamisha juu ya utosi. Ningeziweka wapi? Pembe huota kichwani. Mwalimu alilinyanyua daftari darasa zima lione, akauliza huyu ni ng'ombe gani aliyeumwa na nyuki puani. Walicheka mpaka wa darasa la pili wakachungulia. Lakini pembe hakunisahihisha. Nadhani naye alikuwa hajamwona.

Nilikuja kujua ukubwani kwamba ile tunayoita pembe ni jino. Ni meno mawili ya juu yaliyorefuka yakatoka nje. Wabara waliokaa na ndovu jirani hawawezi kukosea lilipo. Sisi wa visiwani tuliipokea pembe kwanza, na kichwa ilikotoka tukabuni wenyewe.

Tena tuliipokea kwa wingi. Karne ya 19 Unguja ilikuwa soko kuu la pembe za ndovu Afrika Mashariki. Zilishushwa forodhani, zikapimwa kwa frasila, zikapakiwa kwenda Bara Hindi, Uingereza na Marekani, huko zikawa bangili, mipira ya biliadi na vile vipande vyeupe vya piano. Kama mnataka kitabu cha ujasiri kilichotungwa na mtu wetu kwa lugha yetu, kipo: Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yule Tippu Tip mfanyabiashara wa pembe na watumwa aliyefia Unguja mwaka 1905, alieleza maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili. Soma uone kama utakutana na ndovu mzima. Utakutana na frasila. Alipompiga Nsama, mtawala aliyekuwa kusini-magharibi ya Ziwa Tanganyika, anahesabu alichopata: pembe frasila 1,950. Nimewahi kuwapa wanafunzi wangu hesabu hiyo. Frasila moja ni kama kilo 16, hivyo ni zaidi ya tani 30. Tuseme kila ndovu alitoa frasila mbili, ni ndovu 975. Mtoto mmoja akauliza, na nani alibeba? Swali zuri kuliko hesabu yangu. Zilibebwa mabegani na watu, na baadhi ya watu hao wenyewe walikuwa wa kuuzwa.

Wazungu nao walipokuja kuandika hadithi za vijana, ndovu hakupata nafuu. Nikiwa chuo cha ualimu Unguja niliazima kitabu cha Mfaransa Jules Verne cha mwaka 1863, cha watu watatu wanaovuka Afrika kwa puto. Nilikichukua kwa sababu safari inaanzia kwetu: puto linajazwa gesi kwenye kisiwa kidogo jirani na Unguja, kwani watu wa mjini wamekasirika, wanadhani hawa wageni wanakwenda kulidhuru jua na mwezi. (Hapo nilimcheka sana mwandishi. Watu waliokuwa wakitazama mwandamo wa mwezi kila Ramadhani!) Huko bara nanga ya puto inanasa kwenye pembe za ndovu aliyejificha majanini. Ndovu anashtuka, anakimbia, analivuta puto lote na watu wake juu kama mtoto na tiara. Mpaka hapo nilikuwa nacheka kwa raha. Kisha mmoja anachukua bunduki anampiga, anampiga tena, anampiga tena. Akianguka anaangukia pembe, inavunjika, na kilio kinachofuata ni cha bei ya pembe. Usiku wanachimba shimo, wanaoka mkonga, wanakula. Kosa la yule ndovu lilikuwa kula majani mahali nanga ilipopita.

Kile cha Mwingereza Haggard cha mwaka 1885, ambacho wazee wetu walikisoma kwa Kiswahili kwa jina la Mashimo ya Mfalme Sulemani, kina ndovu mkali zaidi. Wawindaji wanaua tisa. Katika harakati hizo nahodha mmoja mpenda nguo nzuri anateleza kwa viatu vyake vilivyong'arishwa na majani makavu, ndovu aliyejeruhiwa anamjia, na kijana Mzulu, Khiva, anajitosa kumwokoa. Ndovu anamkata Khiva vipande viwili. Kurasa chache mbele Khiva amekwisha kuzikwa na pembe nazo zimezikwa, chini ya mti mkubwa, kwa uangalifu, ili zije zichukuliwe baadaye. Mimi niliposoma hapo nilikiweka kitabu kifudifudi nikaenda kuanua nguo.

Babar, yule ndovu wa Kifaransa mwenye suti ya kijani, aliwahi kutufikia skulini kwenye sanduku la vitabu vya msaada. Watoto walimpenda kwa suti. Mama yake kapigwa risasi kurasa za mwanzo.

Sitaki niwalaumu wageni peke yao, kwani bibi yangu naye alikuwa na ndovu wake. Katika ngano ya nunda mla watu, mtoto wa sultani anakwenda porini kumtafuta nunda, naye hamjui alivyo. Kila akiua mnyama anamburura mpaka nyumbani akiimba, "Mama wee, niulaga, nunda mla watu," na mama anamjibu kwa wimbo kuwa mwanangu, siye huyo. Kwa bibi zamu ya ndovu ilikuwa karibu na mwisho. Alikuwa akiimba sehemu hiyo kwa sauti nzito, kwani kijana keshachoka na mzigo ni mkubwa. Kisha jibu la mama, lile lile. Siye huyo. Sisi tulifurahi kwa kuwa hadithi inaendelea. Hakuna aliyeuliza kuhusu ndovu aliyeuawa kwa kukosewa, na bibi naye alishafika kwa nunda.

Mnaona ninapokwenda. Ndovu wote hao wanafanywa. Wanavutwa, wanapigwa, wanapimwa, wanavishwa suti. Hata mwaka 2013, si zamani, bandarini Malindi, Unguja, lilikamatwa kontena lenye pembe zilizofukiwa chini ya makombe ya bahari. Ndovu bado anatufikia kwa mtindo ule ule wa vipande. Katika wote niliosoma na niliosimuliwa, Mahmud peke yake ndiye aliyeamua. Alipigwa kwa chuma na bado akajua upande upi anakwenda na upi haendi.

Ndovu wa kweli nilimwona nina miaka 34. Nilikuwa nakwenda harusini Iringa, na basi la kutoka Dar es Salaam linapita katikati ya hifadhi ya Mikumi. Dereva akapunguza mwendo, akasimama. Alikuwa mmoja, yupo barabarani, ubavu kwetu. Rangi yake haikuwa ya kijivu ya vitabuni. Alikuwa rangi ya vumbi la pale pale. Nilitazama mdomo kwanza. Zilikuwa mbili, fupi, moja fupi zaidi, wala si nyeupe, zina rangi ya chai ya maziwa, na kweli zinatoka mdomoni. Kijana wa nyuma yangu akamwambia dereva piga honi. Konda akageuka: "Wewe, huyo hapigiwi honi." Dereva akazima injini. Tukakaa kimya watu hamsini na kitu, mpaka mtoto mchanga wa mbele naye akanyamaza, nikawa nasikia majani yanavyong'olewa kando ya lami. Nikajikuta naisoma Suratul-Fil kimoyomoyo, tena mbio mbio, kama chuoni.

Sasa mimi ndiye ninayewasimulia watoto, jioni, barazani kwangu. Hawa wa leo wamemwona ndovu kwenye simu mara mia, wanajua pembe zinatoka wapi, hakuna wa kumcheka. Goti langu haliruhusu kumuigiza maalim. Lakini mwezi uliopita mjukuu wangu aliniuliza jambo ambalo mimi sikumuuliza maalim wangu. Nilikuwa nimefika mwisho, jeshi limeangamia, nikawaongezea ile habari iliyopokewa kwa Bibi Aisha, mke wa Mtume, kwamba aliwaona Makka mchungaji wa yule ndovu na kiongozi wake, vipofu, hawawezi kutembea, wakiomba chakula.

"Na Mahmud?"

Nikamwambia kumbuka alipogeuzwa uso kuelekea Yemen alifanya nini.

"Alikimbia."

"Basi."

Akaridhika, akaenda kucheza. Mimi nilibaki na kikapu changu cha mchicha mapajani, namfikiria bado anakwenda, mchungaji hayupo, kulabu hakuna, na njia nzima ya Yemen ni yake.

Msomaji wenu,
Mwalimu wa skuli ya msingi, Wete, Pemba