Wakuu wakae zamu na wauguzi, lakini wakae kweli

Dada, umeuliza mtawapangaje wakuu wa hospitali yenu wakae zamu na wauguzi bila zoezi kugeuka ziara ya kupiga picha. Kwanza, msiwape Ijumaa mchana. Wapeni Jumatatu asubuhi, foleni ya wagonjwa wa nje ikiwa imefika mlangoni, na wafike kabla ya makabidhiano ya zamu. Bosi mmoja kwa muuguzi mmoja. Msafara unaziba korido tu.

Muhimu kuliko ratiba yote, muuguzi akubali mwenyewe, na bosi amwambie kwa mdomo wake kwamba hapimwi. Asipoamini hilo, siku hiyo mtaonyeshwa maigizo.

Bosi asitafutiwe kiti. Asimame anaposimama mwenzake, simu mfukoni, ajionee mtandao wa bima ukigoma huku mama amembeba mtoto mwenye homa, na muuguzi akikimbilia wodi ya jirani kuazima mashine ya presha. Maswali yasubiri saa ya chai. Mgonjwa aombwe ruhusa kila mara. Akikataa, bosi atoke nje, awe mganga mfawidhi au nani.

Baadaye muuguzi naye aingie kikao cha bajeti, asikie pesa zinavyogawanywa. (Hapa wakuu wengi huanza kukohoa.)

Ndani ya wiki hiyo lirekebishwe jambo moja lililoonekana, hata kama ni betri za ile mashine, na wafanyakazi waambiwe limetokana na zamu ile. Kabla ya hapo msipange zamu nyingine, hakuna atakayejitolea.