Kujitolea Katika Uchimbaji wa Mabaki ya Binadamu wa Kale

SWALI: Ndugu Mhariri, natamani kujitolea katika uchimbaji wa mabaki ya binadamu wa kale, ila sijasomea akiolojia. Je, nitapewa kazi gani?

JIBU: Ipo miradi inayopokea wasio wataalamu, mingine ikimtaka mtu ajilipie chakula na malazi, hivyo uliza mapema. Usitarajie kukabidhiwa fuvu. Muda wako mwingi utapita ukikwangua udongo kwa mwiko na brashi, tabaka baada ya tabaka, kisha kuuchekecha, kwa kuwa jino, ambalo gamba lake gumu hudumu kuliko mfupa, laweza kumponyoka mchimbaji likanaswa kwenye chekeche. Ukiona kitu, usikinyanyue (najua mkono utawasha) mpaka mahali na kina chake vipimwe na kuandikwa, maana mfupa uliong'olewa bila kumbukumbu ya tabaka lake hupoteza sehemu kubwa ya ushahidi wa umri wake. Subira naithamini kuliko shahada: Louis Leakey, mtafiti wa binadamu wa kale, alianza utafiti Olduvai, Tanzania, mwaka 1931, lakini fuvu la Zinjanthropus, jamaa wa kale wa binadamu, lilionwa na mkewe, Mary, mwaka 1959. Hakikisha pia kwamba mradi una kibali cha serikali ya nchi husika.