Kanga za bibi yako

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, kwanza nikiwa sokoni na zile kelele, halafu usiku nilipotulia. Unasema sanduku la bibi yako limekaa chini ya kitanda chako huko Dodoma tangu tulipomaliza arobaini, limejaa kanga, na fundi wa jirani amekupa fuko zima la vipande vya vitenge. Unataka kumshonea mtoto anayekuja shuka la viraka. Ndipo ukauliza: "Mama, nikizikata kanga za bibi, nitakuwa nimemkosea?"

Hapana. Kata.

Kanga yenyewe ilizaliwa na kuunga vipande, ndiyo maana sisiti. Karne ya 19, wanawake wa Unguja na Mombasa walikuwa wakinunua leso, vile vitambaa vya mraba ambavyo hata jina lake tumelipata kwa Wareno. Ziliuzwa zikiwa bado zimeungana kwenye jora. Akina mama wale wakakatiwa sita, tatu na tatu, wakazishona ubavu kwa ubavu, likapatikana vazi moja la kujifunga. Wafanyabiashara walipoona zinapendwa wakaanza kuagiza kitambaa kilichochapwa kizima. Mombasa mpaka leo wanaiita leso.

Na bibi yako unamjua. Kanga yake ikitoka dukani ilikuwa ya harusini. Ikipauka kidogo, ya kupikia. Ikilainika, mbeleko, na wewe umebebwa kwenye mojawapo ya hizo. Ikizidi kulainika inakuwa nepi, maana hakuna kitambaa kinachoipokea ngozi ya mtoto mchanga kama kanga iliyofuliwa miaka kumi. Halafu kata ya kubebea ndoo, halafu tambara la kushikia sufuria, mwisho dekio. Hakuna siku aliyoiona kanga imekwisha kazi. Kuziacha sandukuni zitobolewe na mende ndiko kungemuuma.

Ila kisutu usiiguse. Ile nyekundu, nyeusi na nyeupe, doti nzima ambayo haijatenganishwa wala kupindwa. Hiyo aliiweka kwa nia, hakuivaa, na itakuja kuwa ya bibi harusi mwingine. Kata alizozivaa.

Sasa kazi yenyewe. Chukua kila kanga uipeleke dirishani, uiinue usoni uitazame na mwanga. Pale nyuzi zilipoachana utaona kama chekecheke. Hapo ruka, kata pembeni yake. Sehemu za katikati, zile zilizokuwa zinakaliwa, huwa zimechoka kuliko pindo. Kitambaa kikongwe pia usikichane kwa mkono kama tunavyochana kanga mpya, kitakwenda kinakotaka chenyewe. Tumia mkasi.

Kisha loweka. Hili nakuomba usilipuuze. Nilipokuwa na mimba ya kaka yako nilishona shuka zuri kweli, nyeupe ya pamba nikiichanganya na vipande vya kanga mpya nyekundu niliyokuwa sijaifua hata mara moja. Wiki mbili za kazi ya usiku. Kufua mara ya kwanza, nyekundu ikachuja, nyeupe yote ikawa na mabaka ya waridi, na hayakutoka tena. Nililia. Kwa hiyo vipande vya fundi, ambavyo havijawahi kuona maji, loweka kila rangi na beseni lake usiku kucha, maji yakitoka na rangi rudia. Tena pamba mpya husinyaa ikifuliwa, ya zamani imeshamaliza kusinyaa. Ukiziunga bila kufua, shuka litakuja kuvutana na kukaa kama kabichi.

Jinzi uliyoitaja iache kwa mkoba. Ni nzito, itaichana kanga kwenye mshono.

Kata boksi gumu liwe mraba wa inchi 6, ndicho kipimo chako cha vipande vyote. Kila upande mshono unakula nusu inchi, kwa hiyo kipande kikishashonwa kinabaki inchi 5. Ukiunga vinane kwa vinane unapata inchi 40 kwa 40, shuka tosha la mtoto, na unahitaji vipande 64. Hiyo nusu inchi isicheze. Vipande vinane vina mishono saba, na kila mshono ukila robo inchi ya ziada, mstari wako unapungua karibu inchi mbili, halafu unashangaa mistari haikutani. Bandika kipande cha plasta kwenye sahani ya cherehani, nusu inchi toka sindano, kitambaa kitembee kikiambaa hapo.

Sindano weka namba 11 kwa kanga, 14 ukifika kwenye tabaka zote pamoja. Na legeza urefu wa mshono kidogo. Mishono ya karibu karibu kwenye kitambaa kilichochoka inakitoboa kama karatasi ya stempu, kikivutwa tu kinaachia hapo hapo. Kila ukimaliza mstari piga pasi kabla ya kuunga mwingine. Najua unaiona ni kupoteza muda, lakini pasi ndiyo inayofanya pembe nne zikutane.

Bitana weka shuka kuukuu la pamba, piga bandi, ile mishono mirefu ya kushikiza kwa muda, kwa mkono pande zote na katikati, ndipo upitishe cherehani. Usitie vifungo wala shanga, mtoto atavitia mdomoni. Vipunje vinavyobaki usitupe, vijaze mto wa kukalia.

Jina la kanga usilikate kati. Ile yake ya bluu iliyoandikwa WEMA HAUOZI, kata maandishi yote mazima mazima, uache inchi moja juu na moja chini, uyaweke mstari wa katikati. Pindo zake, zile zenye maua madogo meusi, zigeuze kuwa ukingo wa shuka kuzunguka pande zote nne. Ukifanya hivyo mtu yeyote wa pwani akilitazama atajua ni kanga, tena ataisoma.

Kwenye hiyo hiyo ya bluu tafuta tundu dogo lililofumwa kwa uzi mweusi. Liliungua kwa pasi ya mkaa, cheche iliruka asubuhi ya Idi, na bibi yako alikaa mlangoni akalifuma kabla hajaenda kusalimia watu. Uzi wa bluu haukuwepo ndani, akatumia mweusi. Mishono yake ni midogo kuliko yangu mpaka leo. Kipande hicho kiweke kwenye pembe, usikifiche kwa bitana.

Nitapanda basi wiki ya mwisho kabla hujajifungua. Anza kuloweka na kukata, kuunga tutaunga wote. Cherehani itie mafuta, na ule mkasi wako wa jikoni usikiguse kitambaa. Nakuja na wangu.

Mama yako