Kwa nini maikrolaiti za mwanzo zilikuwa na kiti kimoja?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mjomba wangu aliishi Uingereza miaka ya themanini na alikuwa akirusha maikrolaiti, zile zenye bawa la kitambaa na magurudumu matatu. Anasema waliomtangulia walijifunza kila mtu peke yake angani, mwalimu yuko chini na redio, kwa sababu hakukuwa na kiti cha pili. Je, ni injini tu zilizokuwa dhaifu? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Marahaba. Mjomba hajaongeza chumvi. Ila injini imebebeshwa lawama ambayo si yake yote.

Anza na bawa. Lile bawa laini lilibuniwa na Francis Rogallo na mkewe Gertrude huko Marekani, wakapata hataza mwaka 1951. Mwaka 1963 John Dickenson wa Australia akamning'iniza mtu chini yake, akamwekea upau wa kushika ili aongoze kwa kusogeza mwili. Hadi Mfaransa Roland Magallon anaanza kuuza kigari cha magurudumu matatu cha kufunga chini ya bawa hilo, mwaka 1979, mabomba na nyaya zake zilikuwa bado za kubeba mtu mmoja. Uzito ukiongezeka kwa nusu, kasi ya chini kabisa ya kuruka hupanda kwa asilimia 22 hivi, na hilo linavumilika. Kisichovumilika ni kona: ukilala nyuzi 60 bila kupoteza kimo, bawa linabeba mara mbili ya uzito wote. Kwa hiyo abiria wa kilo 80 pale ni kilo 160. Ilibidi mabawa yasanifiwe upya, yenye mabomba manene zaidi.

Sasa injini. Zile za mwanzo nyingi zilikuwa za kuchanganya petroli na oili, na pangaboi lilifungwa moja kwa moja kwenye mhimili wa injini. Piga hesabu: kwa mizunguko 6,000 kwa dakika, ncha ya pangaboi la sentimita 80 inakwenda mita 250 kwa sekunde. Weka la mita moja na nusu, ncha inafika mita 470, wakati sauti yenyewe inakwenda kama 340. Huko nguvu inaishia kwenye makelele. Ndiyo maana waliweka fupi, na fupi linasukuma hewa kidogo kwa kasi kubwa, nguvu nyingi ikipotea. Feni kubwa la dari linazunguka polepole na chumba kizima kinapoa. La mezani linavuma tu.

Dawa ilikuwa kupunguza mizunguko, kwanza kwa mkanda na puli, baadaye kwa gia. Rotax 503 ya Austria, yenye nguvu farasi kama 50, ikifungwa gia ya 2.58, injini inazunguka 6,500 na pangaboi linazunguka 2,500 tu. Kinadharia, kwa nguvu ileile, kutoka sentimita 80 hadi 150 unapata msukumo wa kuondokea ulioongezeka kwa karibu nusu. Kwangu mimi, puli na mkanda ndivyo vilivyoleta kiti cha pili kuliko farasi wowote walioongezwa.

Sheria nayo ilikuwa na mkono wake. Marekani, kanuni ya mwaka 1982 inayoruhusu kuruka bila leseni ilitaja mtu mmoja tu, uzito wa ndege tupu usizidi ratili 254, yaani kilo 115. Za viti viwili ziliruhusiwa kwa msamaha maalumu, kwa kufundishia.

Na kufundisha ndiko kulikobadilika. Redio huchelewa: mwalimu aone kosa, aseme, mwanafunzi asikie katikati ya makelele, aelewe, ndipo mkono utende. Mimi nilijifunza kwenye ya viti viwili. Mwanafunzi anakaa mbele, mwalimu nyuma, magoti yake yako mbavuni mwako, na ameshika vipau vya nyongeza vilivyofungwa kwenye upau wako. Unausikia mkono wake kabla ya sauti yake. Hilo lina faida kubwa hasa kwa aliyezoea ndege za kawaida, kwa maana huku mambo ni kinyume: ukisukuma upau mbele pua inapanda, ukiuvuta inashuka. Karibu na ardhi, mazoea ya zamani hurudi yenyewe.

Kiti cha nyuma kiko karibu chini kabisa ya pale kigari kinaponing'inia kwenye bawa. Kwa hiyo mwalimu akishuka na kukuacha uruke peke yako, mlingano hausumbuki sana, ila ndege inaondoka ardhini mapema kuliko ulivyozoea, na inapanda kwa haraka ya kukushtua.