Maswali ya Wasomaji: Lisbon Mwezi wa Juni

Ikifika Februari, barua za safari za kiangazi cha Ulaya huanza kumiminika. Mwezi huu nimekusanya zile zinazouliza habari za Lisbon, mji mkuu wa Ureno, ambako ninaishi na kufanya kazi ya ukalimani. Nimezaliwa Kilwa Kivinje. Nalitaja hilo mapema kwa sababu majibu yangu yote yanatokea huko.

Binti yangu, mimi ni mwalimu mstaafu wa historia, niko Lindi. Mwanangu anayefanya kazi Ulaya amenialika, na mwanzoni mwa Juni tutakaa Lisbon siku nne. Maisha yangu yote nimefundisha habari za Wareno na Kilwa kwa chaki na ramani ya kuchora kwa mkono. Nianzie wapi? Ujue kwamba magoti yangu si ya kupanda vilima.

Shikamoo Mwalimu. Kabla hujaona kingine chochote, nenda Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya Kale, Museu Nacional de Arte Antiga, kwenye barabara ya Janelas Verdes. Humo mna monstransi, chombo ambacho Wakatoliki huwekea Ekaristi ili waumini waiabudu. Wenyewe wanaiita Custódia de Belém. Kimo chake ni kama sentimita 73, dhahabu iliyopambwa kwa enameli za rangi. Mitume kumi na wawili wamepiga magoti kwa duara, juu yao ananing'inia njiwa mweupe, kuna malaika, na kileleni kabisa ni Mungu Baba ameishika dunia mkononi. Inahesabiwa kuwa kazi ya sonara Gil Vicente.

Wageni wengi huishia kwenye mitume. Wewe Mwalimu inama utazame kitako. Ukingoni pamezungushwa maandishi ya Kireno cha kale yanayosema kwamba Mfalme Manuel wa Kwanza aliamuru kifanywe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa, na kwamba kilimalizika mwaka 1506. Jina la kwetu limeandikwa QILVA, kwa herufi kubwa, na linasomeka.

Wewe unaijua habari yenyewe, ila wasomaji wengine hawakubahatika kukaa darasani kwako. Julai 1502, katika safari yake ya pili, Vasco da Gama alitia nanga mbele ya Kilwa na merikebu zake za mizinga, akatishia kuuangamiza mji kama hautamtii mfalme wake. Amir Ibrahim, mtawala wa mji, akakubali kutoa dhahabu kila mwaka. Ya kwanza ilifika Lisbon mwaka 1503. Kodi haikuuokoa mji: Julai 1505 alikuja Francisco de Almeida na kundi kubwa zaidi la merikebu, akauteka na kuupora. Dhahabu hiyo ilikuwa ikitoka bara, nyanda za juu za Zimbabwe, ikishukia bandari ya Sofala, na kwa muda mrefu Kilwa ndiyo iliyoshika biashara yake. Dhahabu hiyo ndiyo iliyojenga Husuni Kubwa, jumba la sultani. Ndiyo iliyomfanya msafiri Ibn Battuta, alipopita mwaka 1331, ausifu mji ule kwa uzuri wake.

Sisi shuleni tulivushwa kwa mashua kutoka Masoko hadi Kisiwani, tukaambiwa hapa palikuwa na utajiri mkubwa. Tulioneshwa kuta na misikiti. Dhahabu hatukuioneshwa, kwa sababu iko huku. Kila mgeni wa Pwani anayenitembelea nampeleka kwanza mbele ya kabati lile la kioo, na huwa simsemeshi kitu mpaka amalize kusoma.

Basi namba 714 linapita Janelas Verdes. Makumbusho mengi ya Lisbon hufungwa Jumatatu, na kumbi nyingine hufungwa kwa miezi kwa ajili ya ukarabati, kwa hiyo mwambie mwanao atazame tovuti ya makumbusho kabla hamjapanga siku.

Siku ya pili nendeni Belém kwa tramu namba 15 kutoka Praça da Figueira. Monasteri ya Jerónimos, iliyoanza kujengwa miaka ya mwanzo ya 1500, ililipiwa kwa sehemu kubwa na ushuru wa asilimia 5 wa bidhaa zilizotoka Afrika na Mashariki. Nguzo zake zimechongwa kamba za merikebu, matumbawe na majani ya nchi za mbali. Kaburi la Vasco da Gama limo kanisani, karibu na mlango. Nimewahi kukalimani pale mgeni mmoja wa Malindi aliposimama akasema kwa sauti, "Basi ndiye huyu," akaenda zake. Ile monstransi ilikuwa mali ya monasteri hii, mfalme aliiachia katika wasia wake. Ng'ambo ya barabara, ukingoni mwa mto Tagus, kuna mnara wa mabaharia uliojengwa kwa zege na mawe mwaka 1960, na chini yake imetandazwa ramani ya dunia yenye miaka ya misafara yao. Tafuta pwani yetu, usimame juu yake.

Kuhusu magoti: mji umekaa juu ya vilima, na vijia vyake vimesakafiwa kwa vipande vidogo vya mawe ya chokaa vilivyosuguliwa na miguu ya watu hadi vinateleza hata vikiwa vikavu. Vaa raba zenye soli inayoshika. Kuna njia za mkato ambazo wenyeji hutumia. Kupanda kutoka Baixa kwenda Chiado, ingia kituo cha metro cha Baixa-Chiado kwa mlango wa chini, ufuate ngazi za umeme hadi utokee juu, mbele ya mikahawa. Kwenda upande wa ngome ya São Jorge kuna lifti ya umma isiyolipiwa barabara ya Fanqueiros. Ukitoka hapo unatembea kidogo, unakuta lifti ya pili. Kilichobaki juu ni kipande cha kupanda polepole.

Shangazi shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa chuo, Dar es Salaam. Nimesikia ukisifia Lisbon kila mara. Kwa nini mtu wa kwetu atoe fedha zake kwenda kuwatajirisha waliotupora?

Marahaba mwanangu. Swali lako ni la haki, na sitalikwepa. Sisifii uporaji. Katika mji huu kuna barabara inaitwa Poço dos Negros, yaani kisima cha watu weusi. Mwaka 1515 Mfalme Manuel, yule yule wa monstransi, aliagiza lichimbwe shimo la kutupia maiti za Waafrika waliokuwa watumwa, kwa kuwa zilikuwa zikiachwa bila kuzikwa. Leo barabara hiyo ina maduka ya kahawa, na watu wengi hupita bila kujua. Nataka wewe upite ukijua.

Kitu kilichochukuliwa kwetu kiko hapa, kimetunzwa vizuri, na jina letu limeandikwa juu yake na mkono wa aliyekichukua. Sioni ushahidi mzito kuliko huo. Naamini watoto wa Kilwa wanastahili kukiona, na naamini siku itafika nchi zetu mbili zitakaa zizungumze kwa uwazi kiwe wapi na kwa masharti gani. Mazungumzo hayo yatahitaji watu waliokiona kwa macho yao, waliosoma, wanaojua wanachodai. Wewe ukiwa mmoja wao nitafurahi. Na kama nauli haipo, anzia Kilwa Kisiwani. Magofu yake na ya Songo Mnara yamo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1981, na kutoka Dar unafika kwa basi.

Mpendwa Dada, sisi ni maharusi wa Mombasa, Waislamu. Tumepanga fungate Lisbon katikati ya Juni. Tumeambiwa kuna sikukuu kubwa. Je, tutapata chakula halali? Na saa za sala zikoje?

Hongereni, Mungu awape masikilizano. Sikukuu ni ya Mtakatifu Antoni, aliyezaliwa Lisbon kiasi cha mwaka 1195. Kilele chake ni usiku wa Juni 12, na Juni 13 ni siku ya mapumziko jijini. Vikundi vya mitaa, kila kimoja na sare na wimbo wake, hushindana kwa gwaride katika barabara kuu ya Liberdade. Mchana wa Juni 12 maharusi kadhaa huozeshwa pamoja kwa udhamini wa halmashauri ya jiji, kwa hiyo mtakuwa na wenzenu.

Baada ya gwaride watu hujaa mitaa ya Alfama, Mouraria, Graça na Bica. Kila mlango una jiko la mkaa na sardini zinachomwa, zinaliwa juu ya kipande cha mkate kwa mkono. Wareno husema kwamba ikifika sikukuu ya Yohane, Juni 24, sardini huwa imenona hata inachuruzika mafuta kwenye mkate. Samaki si tatizo, tatizo ni jiko: nyama ya nguruwe na soseji huchomwa juu ya waya ule ule. Tafuteni wachomaji wa samaki peke yake, au ulizeni kabla. Supu ya kijani, caldo verde, hutiwa kipande cha soseji ya nguruwe hata kama huioni kwenye picha. Na vile vikeki maarufu vya maziwa na mayai, ulizeni kama vina *banha*, mafuta ya nguruwe. Wengine hutumia, wengine hawatumii.

Chakula halali cha uhakika kipo Martim Moniz na barabara ya Benformoso iliyo nyuma yake, kwa Wabangladeshi na Wapakistani: biriani, mishikaki, chapati. Msikiti Mkuu uko karibu na kituo cha metro cha Praça de Espanha, na kati ya waumini wake mtawakuta wengi wenye asili ya Msumbiji. Wakati huo wa mwaka jua huzama kama saa tatu usiku, kwa hiyo Magharibi mnaswali wakati ambao Mombasa mmeshalala nusu, na Isha ni karibu na saa tano. Lala mchana kidogo.

Mwenzio mnunulie chungu cha *manjerico*. Ni mrehani wa majani madogo, unauzwa kila kona mwezi huo, umechomekwa ua la karatasi na kibendera chenye shairi la mapenzi. Mila yao hairuhusu kuinamisha pua kwenye majani. Unayapapasa kwa kiganja, kisha unanusa kiganja.

Naja kutoka Nairobi wiki ya kwanza ya Juni. Nibebe koti? Na bahari inaogeka?

Mchana nyuzi 25 hivi, usiku 16. Mvua ni nadra. Lakini alasiri huvuma upepo kutoka kaskazini unaopenya mashati, na mtu aliyetoka na fulana tu atautambua akiwa juu ya kilima au kwenye feri ya kwenda Cacilhas, ng'ambo ya mto. Sweta jepesi linatosha. Bahari ni Atlantiki, maji ni ya baridi hata jua likiwaka. Wazoefu wa Diani huingia wakatoka mbio. Kitakachokufurahisha ni jakaranda. Kwenu huchanua kuanzia Septemba, huku huchanua mwishoni mwa Mei na Juni, na uwanja wa Largo do Carmo hugeuka zambarau juu na chini.

Baba yangu alikuwa akitusimulia habari za wapigania uhuru wa Msumbiji waliokuwa kambini hapa Nachingwea. Je, huko Lisbon kuna kumbukumbu yoyote ya vita vile?

Ipo, na ni uwanja huo huo wa jakaranda. Aprili 25, 1974, Waziri Mkuu Marcelo Caetano alijifungia katika kambi ya askari ya Carmo, wanajeshi wakaizingira na wananchi wakajaa uwanjani, hadi aliposalimu amri jioni. Wanajeshi wale walichoshwa na vita vya Angola, Guinea-Bissau na Msumbiji ambavyo havikuwa na mwisho. Kwa hiyo waliokuwa wakifundishwa Nachingwea walichangia kuuangusha udikteta wa Lisbon, na naona fahari kulisema hili kwa Wareno, ambao wengi hawajawahi kusikia jina la mji wenu. Mwaka uliofuata, Juni 25, 1975, Msumbiji ikawa huru. Nendeni pia Museu do Aljube, karibu na kanisa kuu. Lilikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa, sasa ni makumbusho ya upinzani na uhuru, na vita vya ukombozi wa Afrika vimo. Mpe baba salamu zangu, kama yuko hai.

Viza ni lini niombe, na usalama ukoje?

Viza ni ya Schengen, yaani eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na yasichelewe siku 15 kabla. Kwa safari ya Juni, mimi nasema peleka Machi, maana nafasi za miadi huisha. Ada ya mtu mzima ni yuro 90, na bima ya safari isipungue yuro 30,000. Kabla ya yote uliza ni ubalozi gani katika nchi yako unaopokea maombi ya Ureno, kwa kuwa si kila mahali wana ofisi yao.

Usalama ni mzuri, hata kwa mwanamke anayetembea peke yake usiku. Wizi uliopo ni wa mifukoni, na makao yake makuu ni tramu namba 28, ile ya njano inayopanda Alfama imejaa watalii. Pasipoti iache chumbani, utembee na nakala, simu iwe mfuko wa mbele. Ukitaka kuipanda kwa raha, ingia kabla ya saa mbili asubuhi pale Martim Moniz inapoanzia, upate kiti cha dirishani.