Ukitaka utafiti wako ufanye kazi, urudishe kwa waliokujibu

Juzi nimepigiwa simu na ofisa utumishi wa kiwanda kimoja cha mbao kule Mafinga, wilayani Mufindi, ananiambia mwalimu, ile karatasi yako sasa tunaitumia, msimamizi akimwahidi kibarua kitu anakiandika na kusaini. Jamani nilifurahi! Nikasema hili lazima niliandike, maana najua wengi mnaonisoma mko kwenye uhadhiri au mnamalizia PhD, na mnataka kazi zenu zifike mbali kama mimi ninavyotaka.

Mimi natafiti mkataba wa kisaikolojia, yaani zile ahadi ambazo mfanyakazi anaamini amepewa ila hazijaandikwa popote. Mtafiti Chris Argyris aliligusia jambo hili mwaka 1960, halafu mtafiti mwenzake Denise Rousseau akaja kulijenga upya mwaka 1989. Mwaka 1994 yeye na Sandra Robinson wakaonyesha kwamba zaidi ya nusu ya wahitimu wa uzamili wa biashara waliowafuatilia Marekani walisema mwajiri amewavunjia ahadi, na hao ni wasomi, sembuse kibarua wa Mufindi. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi, sawa, lakini "msimu ujao nakuita wewe wa kwanza" mtu anaambiwa kwa mdomo tu, na ndo hiyo inayomfanya abebe mbao kwenye baridi la Julai bila kulalamika.

Sasa niwaambie kinachoniuma. Chuo nilichokuwa nafundisha zamani niliomba kupandishwa daraja, kamati ikafungua Google Scholar ikahesabu nimenukuliwa mara ngapi, basi. Mjumbe mmoja akaniuliza, kazi zako anazisoma nani? Mpaka leo sijasahau. Kile kipimo cha h, kinachompima mtafiti kwa jinsi makala zake zinavyonukuliwa, alikileta mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005: ukiwa na makala kumi ambazo kila moja imenukuliwa walau mara kumi, una kumi. Hakuna mahali pa kuhesabu kibarua aliyeitwa tena kazini. Na wenzetu duniani walishaliona tatizo, azimio lililotokana na mkutano wa San Francisco wa 2012 lilisema wazi mtafiti asipimwe kwa umaarufu wa jarida alilochapisha. Ila ukingoja kamati zibadilike utazeeka.

Mimi nikaandika matokeo yangu kurasa mbili kwa Kiswahili cha kawaida nikarudi Mafinga. Nilisoma mbele yao saa ya chakula, watu wamekaa juu ya magogo, na mama mmoja wa makamo akaniambia, "Mwanangu, wenzako wakishachukua majibu hatuwaoni tena." Basi mazungumzo ya siku ile yalinifundisha kuliko madodoso yote. Watafiti Mayer, Davis na Schoorman waliandika mwaka 1995 kwamba tunamwamini mtu kwa uwezo wake, nia yake njema na uadilifu wake. Wale vibarua hawakuwa na shida na nia ya msimamizi, walimpenda kabisa, shida ni kwamba alikuwa anaahidi vitu ambavyo hana mamlaka navyo, halafu akihamishwa anayekuja hajui chochote, na kwa kibarua huo ni usaliti wa kampuni nzima. Jambo hilo, jarida lililochapisha makala yangu lilinipa aya moja tu kulieleza. Kiwandani limezaa fomu: msimamizi anaandika alichoahidi, anaonyesha kama ana mamlaka nacho, na akiondoka anamkabidhi mwenzake.

Kwa hiyo ndugu zangu, rudini. Mtu aliyekupa nusu saa yake ya mapumziko na wewe ukamwambia "tutawaletea matokeo" ameshaingia mkataba na wewe, na haiwezekani tuwe wataalamu wa kuaminiana huku sisi wenyewe tunavunja ahadi vijiji vizima kuanzia Njombe mpaka Rungwe. Rudini hata kama matokeo hayampendezi bosi. Rudini kwa Kiswahili, siyo na slaidi za kiingereza. Na ongeeni na wasimamizi wa chini, maana ofisa utumishi anaweza kukubali kila kitu na huko chini kisibadilike hata kimoja.

Kingine, mkishaona mabadiliko ombeni barua yenye mhuri. Yangu ipo kwenye faili la maombi yangu ya kupandishwa daraja safari hii, kamati ikae iisome.

Na nauli ya kurudi iwekeni kwenye bajeti tangu mnaandika andiko la kuombea fedha za utafiti, andikeni kabisa "mrejesho kwa washiriki", mfadhili hakatai, ila ukija kuomba mwishoni utaambiwa hela imeisha. Msiende siku ya mshahara, watu wana haraka. Nendeni katikati ya wiki, saa ya chakula, na nakala za kutosha.