Baba, Hamishia Kijiwe Nyumbani

Waulize wanaume wa Mbeya wanafanya nini cha kujifurahisha na watoto wao, wengi watakutajia safari. Tutaenda Matema tukaogelee Ziwa Nyasa. Tutapanda mlima Ngozi. Krismasi hii lazima niwapeleke Kitulo wakaone maua. Mipango mizuri, na mimi pia ninayo. Ila kwa mtu anayetoka nyumbani alfajiri na kurudi giza limeshaingia, safari kama hiyo ikifanyika mara moja kwa mwaka tunamshukuru Mungu. Jioni nyingine zote zinakwenda wapi? Tunajua zinakokwenda. Ziko kijiweni, kwenye benchi nje ya duka, penye ubao wa drafti uliozungukwa na wanaume, wawili wanacheza na waliobaki wote ni makocha.

Sina ugomvi na kijiwe. Nimepata kazi kijiweni, nimekopeshwa kijiweni, na siku nilipofiwa, watu wa kijiweni ndio waliofika wa kwanza kufunga turubai. Jumamosi bado naenda. Ninachowashauri akina baba wenzangu ni hiki: msihangaike kutafuta burudani mpya ya familia. Chukueni ile mnayoipenda tayari, muihamishie nyumbani siku za katikati ya wiki.

Kwa nini ile unayoipenda wewe? Kwa sababu mtoto humtambua haraka baba anayevumilia. Kaa naye upake rangi picha za wanyama huku moyo wako uko kwenye simu, dakika ya tano atakuambia, "Baba, nenda tu." Lakini mtu anayependa drafti akiwa mbele ya ubao, hata kama mpinzani wake ni wa darasa la tatu, anakunja shati. Watoto wanaona hilo na wanalitaka.

Mimi nauza mbao Mwanjelwa, nyumbani ni Uyole. Mzigo unatoka Mafinga, paini na milingoti, na siku lori likichelewa kufika nami nachelewa kurudi. Jioni barabara kuu inajaa malori ya Tunduma, kwa hiyo hata ukifunga mapema, saa moja inakukuta kwenye daladala. Nawaambia haya ili msidhani naandika kama mtu mwenye muda. Tunachopata ni kile kipande kati ya chakula na kulala, na kinatosha.

Ubao usinunue. Tengeneza, tena na watoto wenyewe. Nilichukua kipande cha plaiwudi kilichobaki kwa mteja, tukapima kwa futi na penseli ya fundi, nane kwa nane, miraba 64. Ile ya giza tuliipaka kiwi ya viatu. Kiwi ni rangi ya bei rahisi lakini kwa wiki ya kwanza kila mchezaji aliondoka na vidole vyeusi, na mama yao alikuta alama kwenye kitambaa cha kochi, nikasikia maneno. Ukimaliza kupaka, pitisha vanishi, acha ikauke usiku kucha. Kete ni vizibo vya soda, 12 vya orenji na 12 vya kola, mwenye grosari anakupa bure. Vichague kimoja kimoja, kwa sababu kilichopinda kwa opena hakikai sawa, kikiguswa kinazunguka na ugomvi unaanzia hapo. Kizibo kikifika mstari wa mwisho kinabebeshwa mwenzake, hicho ni kingi.

Sasa sheria, kwa sababu bila sheria kitu hiki hakimalizi mwezi.

Usimwachie mtoto ashinde. Nalisema hili nikijua wapo watakaonibishia, hasa akina mama. Mtoto aliyeachiwa anajua ameachiwa, na ushindi wake wa kweli ukija hataamini. Kama tofauti ni kubwa, punguza silaha zako wazi wazi: cheza na vizibo tisa yeye acheze na 12, kila mtu akijua. Na mwanangu mdogo tulianza hivyo. Alipoanza kunifunga tukaongeza kimoja, tena kimoja. Siku aliyonifunga tukiwa sawa kwa sawa alitoka nje kuwatangazia majirani, na jirani mmoja ananiita "baba wa bingwa" mpaka leo.

Anayefungwa anaosha vyombo. Awe baba, awe nani. Hapa usilegeze. Ukifungwa halafu ukasema umechoka na kazi, watoto watajifunza kwamba sheria ni ya watoto.

Na usigeuze mchezo kuwa tuisheni. Hii ndiyo dhambi yetu kubwa sisi wazazi wa sasa, kila kitu lazima kiwe na faida. Mtoto akikosea kuhesabu, anayemsahihisha ni mpinzani anayemla kete, siyo baba mwenye hotuba. Matokeo ya darasani yasitajwe ubaoni, wala jirani aliyefaulu asitajwe, wala ada.

Maana ukinyamaza wewe, wao wataongea. Macho yakiwa kwenye ubao, ulimi unakuwa mwepesi. Binti yangu yuko kidato cha pili, umri ambao ukimuuliza "Vipi shule?" unapewa "Poa" na mlango unafungwa. Jioni moja alikuwa ameshika kizibo cha orenji hewani, hajaamua akiweke wapi. Akasema, bila kunitazama, "Baba, kidato cha tatu mimi fizikia siitaki." Kisha akakiweka mahali pabaya kabisa. Nikakila. Nikamwambia, "Zamu yako." Akacheza, akaendelea kueleza, na mpaka mchezo unaisha nilikuwa nimejua mambo ya mwaka mzima: nani anakaa naye, somo gani linamwogopesha, kwamba anachopenda hasa ni jiografia na kwamba rafiki zake wote wanakwenda sayansi. Suala la fizikia tulilimaliza siku nyingine, mchana, tukiwa na mama yake. Pale ubaoni kazi yangu ilikuwa kusikiliza na kula kete.

Juni na Julai, mnajua baridi ya Uyole, hakuna anayekaa barazani. Tunaingiza jiko la mkaa sebuleni, na hapa naomba mnisikilize vizuri kuliko pote. Mkaa unaowaka ndani unatoa gesi ya kaboni monoksidi, haina harufu, haionekani, na inaua watu wakiwa usingizini. Liwashie nje mpaka mkaa ushike vizuri, acha dirisha wazi hata kama upepo unaingia, na lisilale ndani hata siku moja. Mtu akianza kuumwa kichwa au kusikia kizunguzungu, wote tokeni nje kwanza, maswali baadaye. Kwetu jiko limekuwa ndiyo saa ya mchezo: mkaa ukianza kufunikwa na majivu linatolewa nje, na likishatoka hakuna raundi nyingine, hata kama baba anadai kisasi. Nimejaribu kudai. Nilikataliwa.

Baba yangu akija kutoka Rungwe, utaratibu wote unabadilika. Sisi Wanyakyusa mnatujua, mkamwana na baba mkwe hawakutani ana kwa ana kwa desturi ya wazee. Wengi wameshalegeza, mzee wangu hajalegeza, na mke wangu anamheshimu kwa hilo. Kwa hiyo sebule inabaki ya mama na mzee anahamia barazani na blanketi lake, na watoto wanamfuata. Yeye drafti anaiita mchezo wa madereva. Anachotaka ni bao.

Na bao, ndugu zangu, ni mchezo mwingine. Mashimo 32, kete 64, kila mmoja anaanza na 22 mkononi na nyingine kumi zimeshapangwa, sita zikiwa kwenye shimo maalumu liitwalo nyumba. Kwanza mnanamua, mnaingiza kete moja moja kutoka mkononi, zikiisha ndipo mnaingia mtaji, yaani mnacheza na zilizo ubaoni tu. Mwanangu mdogo kiganja chake hakitoshi kete 22, zinamwagika, babu anasubiri ziokotwe bila kusema neno. Anayeanza kufundisha asimpe mtoto sheria zote siku moja. Mzee aliwaanzisha na kumwaga tu, kupita na kete shimo hadi shimo bila kula, mpaka vidole vikazoea. Kula kulikuja baadaye, na habari za nyumba zikaja mwisho. Mimi nisingekuwa na subira hiyo.

Nilichojifunza kwake ni kwamba hadithi zinakaa vizuri kwenye bao kuliko kwenye kochi. Kwa sababu baba na mwana tunaheshimiana mno, mambo mengi hakuwahi kuniambia mimi. Wajukuu ni watani wake, binti yangu anamwita mke wake, basi anawaambia yote. Nikiwa ndani nasikiliza dirishani kama mwizi. Hapo ndipo nilipomsikia akiwasimulia mwaka 1986, Tukuyu Stars ilipotwaa ubingwa wa Tanzania, na jinsi habari zilivyofika kijijini kwa redio. Mtoto wa kati akamjibu kwa Mbeya City, iliyopanda Ligi Kuu mwaka 2013 na msimu wake wa kwanza ikamaliza nafasi ya tatu. Habari hizo ilimbidi azipate kwangu, maana wakati huo alikuwa hatembei bado. Wakabishana timu ipi ingemfunga mwenzake, mzee wa Rungwe na kijana wa Uyole, mpaka kete zikasahaulika.

Ukiwa huna mzee wa karibu, mtafute wa mtaani. Wazee wanaojua bao hawakosekani, na wengi wanakaa mchana kutwa bila mpinzani.

Kuhusu mama wa nyumba niseme kidogo. Usihamishie kijiwe nyumbani halafu ukamgeuza mama kuwa mhudumu wa kijiwe. Mnachemsha chai wenyewe, mnachoma mahindi wenyewe, mnafagia maganda wenyewe. Wangu hapendi drafti wala bao, anapenda karata, na kwenye albastini hakuna anayemshinda ndani ya nyumba ile. Alhamisi ni siku yake. Siku hiyo vyombo naosha mimi, karibu kila wiki.

Zile safari je? Ziendelee, ila zipangwe kwa miguu ya mtoto mdogo kuliko wote. Ngozi ni mlima wenye msitu na matope, mvua ikinyesha njia inateleza, mtoto wa miaka sita utambeba. Daraja la Mungu pale Kiwira ni rahisi zaidi, mnafika, mnaona mto unavyopita chini ya mwamba, mnakula parachichi, mnarudi siku hiyo hiyo. Kimondo cha Mbozi nacho hakichoshi: kiko palepale kwenye mteremko wa kilima cha Marengi, zaidi ya asilimia 90 chuma, na mtoto anayependa kuuliza maswali atakuuliza mpaka mnafika Mwanjelwa.

Sasa, huyo mtoto wangu wa kati niliyemtaja. Ubao anaujua, bao analijua, lakini hakai. Akicheza raundi moja anasimama. Nilimlazimisha kidogo, nikaona ninaharibu. Yeye mapenzi yake ni sungura, anafuga nyuma ya nyumba. Basi jioni zake mimi ndiye ninayefuata, nashika tochi, nafundishwa yupi ana mimba na kwa nini majani yenye umande asipewe. Baba ambaye mtoto wake hataki mchezo wake afanye hivyo, aende kwenye mchezo wa mtoto akakae kama mwanafunzi. Kwa sasa ananidai banda lipanuliwe, na visingizio vimeniisha, kwa sababu anajua vizuri kwamba mabaki ya mbao ninayo.